Mtoto Mkubwa Si Yaya

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini shule zinapofungwa, nyumba nyingi za Garsen na vijiji vya ukingoni mwa Mto Tana huachiwa mkono mmoja tu, nao ni wa binti wa miaka 12. Mama yuko shambani au sokoni, baba yuko malishoni au safarini. Binti ana mchanga mgongoni, wa miaka 5 anamshika kanga, na wa miaka 8 hakamatiki. Kaka yake wa miaka 14 yuko njia panda, pale barabara ya Lamu na ya Hola zinapoachana, akihesabu mabasi.

Wazazi wenzangu, likizo ya namna hii haimpumzishi yeyote, na binti huyo hurudi shuleni kachoka kuliko alivyotoka.

Tumezoea kudhani kwamba watoto wa umri mbalimbali hawawezi kushughulishwa pamoja. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa wawezekana. Chuo nilichosoma mimi hakikuwa na darasa la kwanza wala la pili. Tulikaa mkeka mmoja, anayeanza alifu kando ya anayekaribia kuhitimu. Mwalimu alimsikiliza mkubwa, mkubwa akamsikiliza wa kati, wa kati akamwongoza mdogo herufi kwa herufi. Aliyefundisha alihifadhi zaidi, kwani ulimi unaorudia hausahau. Na kila mkubwa alikuwa na zamu yake mwenyewe mbele ya mwalimu. Usaidizi wake haukumnyima somo.

Utaratibu huo yafaa uingie nyumbani. Baada ya sala ya alfajiri, wakubwa wawasikilize wadogo Kurani, kisha mzazi awasikilize wakubwa. Asubuhi iwe ya kazi, nayo igawanywe kwa umri: kijana apalilie, wa miaka 8 afagie, mdogo alishe kuku. Jua likipanda, wakae kivulini wasuke ukindu na kutegeana vitendawili, na watoto wa jirani wakaribishwe, Mpokomo na Mworma jamvi moja. Walioyaona ya mwaka 2012 wajua thamani ya jamvi hilo. Alasiri iwe ya mchezo. Baada ya isha, bibi au babu atoe ngano. Na kila siku binti apewe saa yake ya kusoma au kupumzika, kaka yake ampokee mtoto. Kijana hapungukiwi uanaume kwa kumbeba nduguye.

Jambo moja lisiwe na mjadala, nalo ni mto. Mto ni riziki yetu, lakini una mamba na viboko, na kingo zake humomonyoka maji yakijaa. Kuchota, kuoga na kuvuka kwa mtumbwi kuwe mbele ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 12 hana nguvu za kumwokoa wa miaka 5. Tukimtwika amana hiyo na msiba ukatokea, atabeba lawama umri wake wote kwa kosa lililokuwa letu. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili hadi 13 Mei, na watoto wakakaa nyumbani siku zile zile ambazo maji yalikuwa mengi. Mpango wa nyumbani, basi, huenda ukawa ndio kinga ya roho ya mtoto.

Wala tusiidharau kazi yenyewe ya kumtuliza mtoto. Ulipotafutwa wimbo wa taifa letu mwaka 1963, lahani ilichukuliwa kwa Wapokomo wa mto huu huu. Ulikuwa wimbo wa kumbembelezea mtoto, na aliyeutoa ni Mzee Meza Moroa Galana. Leo wakubwa wa nchi husimama wima kwa sauti iliyokuwa ikilaza watoto wa Tana. Kazi yenye heshima hiyo haifai kuachiwa binti mmoja aliyechoka. Kaka na baba nao wajifunze kuimba.

Shule zitakapofungwa tena, tukae na watoto wetu wote usiku wa kwanza, tupange nao. Watoto ni amana, na Mwenye amana atatuuliza sisi wazazi kabla ya kumuuliza binti wa miaka 12.