Sarufi ya Mwili: Funzo la Densi Kutoka Taiwan

Miongoni mwetu tunaofundisha sanaa yapo mazoea ya kudhani kwamba kazi mpya imetumia mila iwapo mtazamaji ataiona mila hiyo kwa macho: vazi, kinyago, hadithi ya mababu. Dhana hii yafaa kuchunguzwa, na mfano ninaouchagua watoka mbali, kisiwani Taiwan, kwa kuwa huko lipo kundi la densi lililoijaribu njia hiyo kwa miaka mingi, kisha likashika nyingine.

Kundi hilo ni Cloud Gate, lililoasisiwa mjini Taipei mwaka wa 1973 na Lin Hwai-min. Lin alikuwa mwandishi wa hadithi kabla ya kuwa mtunzi wa densi. Alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, na huko Marekani ndiko alikojifunza mtindo wa Martha Graham. Jina la kundi, yaani Lango la Mawingu, ni jina la ngoma ambayo masimulizi ya Wachina huitaja kuwa kongwe kuliko zote. Yaonekana basi kwamba nia ya kuishika mila ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Swali lilikuwa ishikwe wapi.

Kazi za mwanzo ziliishika kwenye hadithi. Mwaka wa 1975 Lin alitunga densi juu ya kisa mashuhuri cha Nyoka Mweupe, akachanganya miondoko ya Graham na ile ya opera ya Beijing. Mwaka wa 1978 akatunga nyingine juu ya wahamiaji waliovuka bahari kutoka China bara kwenda Taiwan. Densi hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Chiayi tarehe 16 Desemba, siku ileile Marekani ilipotangaza kwamba inavunja uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Hizo ni kazi zilizopendwa na watu wake, na hapana sababu ya kuzibeza. Hata hivyo, kwa lugha ya taaluma yangu, nitasema kwamba msamiati ulikuwa wa Kichina ilhali sarufi, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa ya New York.

Jambo hili halikuwa la Taiwan peke yake. Mjini Beijing, mwaka wa 1964, ilitungwa baleti juu ya kikosi chekundu cha wanawake, ambamo wasichana wanamapinduzi husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, bunduki mikononi. Na hata ile iitwayo densi ya kale ya Kichina, inayofundishwa vyuoni, ilipangwa katika miaka ya 1950 kwa kukusanya miondoko ya opera na kuitia katika mafunzo yaliyoathiriwa na baleti ya Kirusi. (Mambo mengi tunayoyaita ya kale, hapa na kwingineko, hayana umri wa kumzidi nyanya yako.)

Mageuzi makubwa ya Lin yalikuja miaka ya 1990, nayo hayakuanzia jukwaani. Yalianzia chumba cha mazoezi. Wachezaji waliokwisha kufunzwa baleti na densi ya kisasa wakawekwa kwenye taamuli, mazoezi ya pumzi, tai chi, mbinu za jadi za kupigana, na baadaye masomo ya kuandika hati kwa brashi. Tofauti si ndogo. Baleti humfunza mchezaji kuikana ardhi. Mwili hunyooka na kupaa kana kwamba uzito ni aibu. Tai chi humtaka akunje magoti, ashushe uzito, na auanzishe mwendo chini ya kitovu, mkono ukifuata tu kama mkia umfuatavyo mnyama. Kitangulizi cha yote ni pumzi, ile ambayo Wachina huiita chi, neno moja linalobeba hewa, pumzi na nguvu za uhai kwa pamoja.

Matokeo yalionekana mwaka wa 1998 katika densi ya Mwezi Majini, iliyotungwa juu ya msingi wa tai chi na kuchezwa kwa muziki wa Bach. Hapakuwa na joka wala taa nyekundu, na aliyekuja kutafuta China kwa macho hakuiona. Miaka mitatu baadaye ikaja ya kwanza kati ya densi tatu juu ya hati. Wachezaji walisimama mbele ya picha kubwa za maandishi ya mabingwa wa zamani, wakazifuata kwa miili yao, bila kuiga umbo la herufi: walifuata mwendo wa mkono ulioiandika. Mwandishi wa hati anayetaka kwenda kulia huanza kwa kurudi kidogo kushoto. Mstari ukikatika, pumzi haikatiki. Na weupe wa karatasi una uzito sawa na wino. Laozi alikwisha kutoa mfano wa chungu, kwamba kilichofinyangwa ni udongo lakini kinachotufaa ni uwazi uliomo ndani. Katika densi hizo uwazi huo ni kule kutulia kwa mchezaji, ambako mtazamaji asiyezoea hudhani kuwa amesahau hatua.

Msomaji mwenye shaka atauliza kama haya si falsafa ya kuwauzia Wazungu wenye kiu ya mafumbo ya Mashariki. Hatari hiyo ipo. Katika densi ya 1994, Nyimbo za Wasafiri, mtawa husimama tuli huku punje za mchele zenye rangi ya dhahabu zikimmiminikia utosini tangu mwanzo hadi mwisho. Picha yake hupendeza sana kwenye mabango. Lakini nyimbo zenyewe ni za Georgia, nchi ya Kaukazi, na mtu anayelinda usafi wa bidhaa yake hangezichukua. Mwaka wa 2013 Lin aliwapeleka wachezaji wake wavune katika mashamba ya Chishang kabla ya kutunga densi ambayo Waingereza huiita kwa neno lao moja linalofunika shamba, ghala na sahani. Jina la Kichina ni la mmea ungali shambani. Kiswahili, kwa bahati, kinalo neno hilo: Mpunga.

Lin alistaafu mwishoni mwa mwaka wa 2019, akamwachia kundi Cheng Tsung-lung. Huyu alikuwa amekwisha kutunga Ndimi Kumi na Tatu mwaka wa 2016, densi iliyotokana na msimulizi wa barabarani katika mtaa wa Taipei alikokulia, yenye rangi na makelele ambayo hayamo katika Mwezi Majini. Msamiati umebadilika kabisa. Magoti bado yamekunjwa.

Walimu wenzangu wanaowatayarisha wanafunzi kwa tamasha zetu za muziki na drama wataona ninakoelekea. Tunawavika watoto leso na shanga, kisha tunawachezesha hatua zilizonakiliwa kwenye video, na tunaiita kazi hiyo densi ya kiasili iliyoboreshwa. Mabega ya isukuti hayajifunzi kwa wiki mbili kabla ya mashindano. Ningependa waamuzi, kabla ya kutoa alama za mavazi, wamwulize kila mwalimu: wanafunzi wako walifunzwa na nani, na kwa muda gani?