Piga picha kabla ya tingatinga

Jumba la Beit al-Hukm, Unguja, lilipondwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, kwa vita ambavyo havikufika hata saa moja. Leo tunalifuata kwa picha. Ukiona mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, hiyo ni picha ya kabla ya mizinga. Ukiona mnara wa saa umeshikana na jumba lenyewe, ni ya baadaye. Rahisi hivyo, bora tu kuna mtu alipiga.

Na Pangani yetu, Nairobi? Nyumba za zamani zilishabomolewa, picha ziko kwa albamu za kina shosho, nyingi hazina tarehe. Kaunti isitoe kibali cha kubomoa kabla ya kupewa picha: mlango, ua, ngazi. Simu yoyote inatosha.