Ubakaji Kivu: nani anatunza ushahidi?

Sheria ya Julai 2006 inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu kuomba daktari amchunguze aliyebakwa. Lakini nguo, sampuli na cheti cha daktari vikipita mikononi mwa watu bila saini wala tarehe, wakili wa mshtakiwa anavipinga kwa urahisi.

Desemba 2017, katika kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini, mahakama ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo na wanamgambo wake kifungo cha maisha kwa kubaka watoto. Hati za madaktari wa Panzi zilisaidia sana.

Tangu M23 iteke Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mahakama za serikali humo zilisimama. Uhalifu dhidi ya ubinadamu haufutwi na muda, ila faili ikipotea, kesi imekwisha. Nakala salama zinahitajika sasa.