Dawa Isiyoacha Mzoga

Mkulima wa pamba Shinyanga akishapuliza dawa ya magugu asione nyuki aliyekufa, huamini dawa ile haina neno. Mfugaji nyuki wa Ibadakuli naye hushtuka pale tu anapokuta nyuki wametapakaa chini ya mzinga. Kipimo hicho cha mzoga hakitoshi, kwani dawa inaweza kumdhuru nyuki kupitia bakteria wa tumboni mwake bila kumuua papo hapo.

Nyuki kibarua anapotoka kwenye sega huwa karibu hana bakteria tumboni. Huwapata katika siku chache za kwanza, kutoka kwa wenzake na ndani ya mzinga. Miongoni mwao, Gilliamella husaidia kumeng'enya chavua. Snodgrassella hutanda kwenye ukuta wa utumbo.

Mwaka 2018, Erick Motta, Kasie Raymann na Nancy Moran wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha majaribio yao kuhusu glaifoseti. Kiuagugu hiki hukwamisha kimeng'enya kilichomo kwenye mimea. Wanyama hawanacho, lakini bakteria wengi wanacho. Nyuki waliolishwa glaifoseti walipungukiwa na bakteria, na vibarua wachanga walipoambukizwa bakteria hatari wa Serratia walikufa kwa wingi zaidi. Hata dawa zinazolenga bakteria humdhuru nyuki: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, nyuki waliopewa antibayotiki ya tetrasaiklini na kurudishwa mzingani walibaki takriban theluthi moja baada ya siku chache. Wasiopewa walibaki theluthi mbili.

Wapo watakaosema Texas si Usukumani, na palizi ya jembe inamaliza nguvu na fedha. Ni kweli. Tena nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni wagumu: utafiti uliofanyika nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta utitiri wa varroa, vimelea vya nyuki, kwenye makundi mengi, lakini makundi hayo hayakuonekana kudhoofika, na wafugaji hawakuwa wakitumia dawa. Kwangu hiyo ni sababu ya kulinda ugumu huo, si ya kuujaribu kwa sumu.

Simtaki mkulima aache dawa. Apulize jioni nyuki wakisharudi, asiguse magugu yaliyochanua, na aziache ngitili, hifadhi za jadi za malisho ambazo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza kuzifufua mwaka 1986, ziwe malisho ya nyuki yasiyopulizwa. Antibayotiki zisiingie mzingani. Na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kabla ya kusajili dawa, idai majibu kuhusu nyuki aliyebaki hai, si aliyekufa tu. Mzigo wa kuthibitisha usalama ni wa anayeuza dawa. Mfugaji asiachiwe kuuthibitisha kwa mizinga mitupu.