Ukurasa wa Jamaa: Mzigo wa kumpelekea mwenzi aliye ng'ambo



Mwezi huu tuna swali la mama mmoja ambaye mume wake ametangulia Kanada. Ameandikiwa orodha: sufuria tatu, kinu na mchi wake, vikwembe vya harusi, picha zilizokuwa ukutani, na cherehani. Anauliza njia ya bei nafuu ya kuvifikisha huko. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba asipovituma, baba watoto atafikiri hana tena nia ya kumfuata. Tunajua si yeye peke yake mwenye swali hilo, ndiyo maana tunamjibu hapa.

Tuanze na hesabu. Makampuni yanayosafirisha vifurushi kwa ndege hayaangalii mizani peke yake, yanapima na nafasi. Wanachukua urefu mara upana mara kimo cha katoni kwa sentimita, halafu mara nyingi wanagawanya kwa 5,000. Jibu ni kilo. Kisha wanalinganisha na mizani na kukulipisha ile iliyo kubwa. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 ni 96,000, ukigawanya unapata kilo 19.2. Sasa ukitia humo sufuria tatu tupu zenye kilo 6, utalipia zaidi ya kilo 19. Yaani unalipia hewa, jamani! Tuliifanya hesabu hii ubaoni na mwanafunzi mmoja akauliza: kwani baba hawezi kununua sufuria huko huko? Na ni kweli. Kanada kuna maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, na sufuria ya pale ni rahisi kuliko nauli ya sufuria inayotoka Kasulu.

Kwa hiyo kabla ya kufunga katoni, jiulize kila kitu kimoja kimoja: nauli yake ingeweza kukinunua kule? Kama ndiyo, kibaki. Sufuria zibaki. Kinu kibaki, ni kizito, na vitu vya mbao na mbegu vina maswali yake mpakani, hasa kwa wenye ndugu Australia, ambako wakaguzi ni wakali sana.

Vinavyobaki kwenye orodha ni vile visivyouzwa dukani: vikwembe na picha. Hivyo njia yake ni posta. Kifurushi kidogo cha posta mwisho wake ni kilo 2, na vikwembe viwili vilivyokunjwa vizuri na picha vinaingia bila shida. Omba kibali cha kutoka kambini mapema, usingoje wiki ile ile unayotaka kusafiri. Akina mama watatu wanne wakipanga siku moja, gari moja la kwenda Kasulu linawatosha. Usigonge misumari wala kuzungusha gundi nyumbani, maana wanaweza kukwambia ufungue waone. Utajaza karatasi ya forodha, CN22 au CN23. Andika ukweli: nguo zilizotumika, zawadi, na thamani yake. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi dola 60 za Kanada haitozwi ushuru kule. Wenye wenzi Marekani wajue kwamba ule msamaha wa zamani wa dola 800 ulifutwa mwezi Agosti 2025, basi muulizeni karani wa posta kabla ya kulipa. Redio na simu zenye betri msitie, wala mafuta, wala pesa ndani ya bahasha.

Na risiti itunzeni! Maafisa wa uhamiaji hutaka kuona kwamba ndoa ni ya kweli na kwamba watu bado wanajuliana hali. Barua, picha, risiti ya mzigo, vyote vinasema. Ndiyo sababu picha za harusi zipigwe kwanza kwa simu, na nakala ndiyo iende. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za kambi haviendi popote, hata mzee akililia. Wewe uliye hapa ndiwe utakayeulizwa.

Kuhusu wale wanaopita na madaftari wakisema wana nafasi kwenye kontena Dar es Salaam: meli kwa kweli ni njia rahisi, lakini kwa mzigo mkubwa. Bei yake huhesabiwa kwa mita ya ujazo, yaani sanduku la mita moja kila upande. Nani kati yetu ana vyombo vya kujaza hilo? Kuna pia njia ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma mpaka bandarini, na gharama za kuutoa mzigo kule unakofika, ambazo atalipa mwenzi wako. Asiyekuandikia karatasi yenye jina lake, kilo, na nani analipa nini, mwache apite.

Kumpa jirani anayesafiri? Inawezekana kama ni kitu kidogo na ukifungue mbele yake, kwa sababu uwanjani ataulizwa nani amefunga mzigo wake. Akikataa usikasirike, kilo zake zimehesabiwa. Uliza pia anakwenda mji gani. Toronto na Vancouver vinatengana kwa zaidi ya kilomita 3,000.

Imebaki cherehani. Mama, hapa tunasema wazi: usiitume. Kichwa chake peke yake ni mzigo, na ndicho kinacholisha watoto wanne hapa. Mzee anataka kushona jioni za baridi, tunamheshimu, lakini kule yeye anapata kazi nyingine na wewe hapa huna nyingine. Anayeingia Kanada kuishi anaruhusiwa kuingiza bila ushuru vitu vyake vya nyumbani alivyokuwa navyo na kuvitumia kabla ya kufika, sharti aviandike kwenye orodha siku ya kuingia, vya mkononi na vitakavyomfuata. Siku yako ikifika, cherehani itaandikwa kwa jina lako. Kama kilo za tiketi hazitoshi, utaiuza hapa siku hiyo, siyo leo.

Mwandikie hivyo. Na mwulize jambo lililo kubwa kuliko sufuria: ameshapeleka maombi yenu? Aliyepelekwa Kanada kama mkimbizi ana mwaka mmoja tangu kufika kuomba mke na watoto wamfuate, wale aliowataja kwenye fomu zake kabla ya kuondoka. Kama kuna pesa ya nauli ya katoni, itangulie huko.

Mizani ya shule iko wazi kila Jumamosi baada ya masomo. Njoo na mzigo wako tuupime kabla hujatoa pesa ya gari. Leta na futi ya fundi cherehani kama unayo, yetu imekatika.