Tukague Kabla ya Kunyunyiza
Kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyegunduliwa nchini mwaka 2014 mkoani Arusha, asipozuiwa aweza kumaliza shamba zima la nyanya. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na tunda, ambamo dawa haimfikii kwa urahisi. Kunyunyiza kwa kubahatisha, basi, ni kupoteza fedha na kumzoeza mdudu sumu.

Twawahimiza wakulima wa bustani wa Majengo, Mpanda, wakague mimea mara mbili kwa juma, wageuze majani, wahesabu miche iliyoshambuliwa na kufukia chini sana matunda yaliyotobolewa. Mabwana na mabibi shamba nao wawafuate bustanini, wakawaonyeshe kutega mitego ya harufu. Adui asiyehesabiwa hashindwi.