Nilisema mathenge ikatwe yote. Nilikosea

Wiki tatu zilizopita nilipost video nikiwa nimesimama Longech, nyuma yangu matawi makavu ya mathenge yametokeza majini kama vidole, na mimi napiga kelele: kata yote! Mliipenda sana ile. Ilisambaa mpaka shangazi yangu wa Kakuma akaiona kwa grupu ya kanisa, akanipigia simu kuuliza kama sasa nimekuwa mwanasiasa. Sijaifuta. Iko pale, endeni mkanicheke. Lakini nimebadilisha mawazo, na naona ni vibaya mtu abadilishe mawazo kimyakimya halafu ajifanye hajawahi kusema kitu.

Kwa wale hamjafika huku: Ghuba ya Ferguson ni kipande cha Ziwa Turkana karibu na Kalokol, kama kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Kuna ulimi mrefu wa mchanga umeingia ziwani, hapo ndipo Longech, na maji yaliyobaki kati ya huo ulimi na nchi kavu ndiyo ghuba. Haina kina kirefu. Maji yake ni ya kijani na yametulia, si kama ya nje ambako upepo wa asubuhi ukiamka vibaya unarudi ufuoni ukiwa umelowa na umeokoka. Samaki wanapenda sana mahali kama hapo. Waturkana tunaliita ziwa Anam Ka'alakol, ziwa la samaki wengi, na hawakulipa hilo jina kwa kubahatisha.

Mathenge nayo mnaijua. Ule mti wa miiba ulioletwa Kenya na miradi ya kuzuia jangwa, miaka ya 1970 na 1980. Sisi tunauita etirae. Ulikuja kama mgeni ukakaa kama mwenye nyumba. Kule Baringo watu waliishtaki serikali kwa sababu ya huo mti, na wakapeleka hadi mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi awe ushahidi, juu maganda yake matamu yalikuwa yamemmaliza meno. Mimi mwenyewe niliwahi kuchomwa mguu na mwiba wake, na hadi leo nikikanyaga vibaya nausikia. Kwa hivyo mtu asije kwa komenti eti nimeanza kutetea mathenge. Ile ya nchi kavu kata, choma makaa, fanya unavyotaka.

Stori yangu ni ya ile iliyo ndani ya maji.

Ziwa limekuwa likipanda, na miaka ile ya 2019 na 2020 lilipanda kwa fujo. Lilimeza nyumba, njia, mahali pa kuegesha mashua, na pia msitu mzima wa mathenge uliokuwa umejipanga ufuoni. Miti ikafa ikiwa imesimama. Katikati yake kumeota nyasi na magugu ya maji, kwa hivyo sehemu zingine za ghuba saa hii zinafanana na ua la mtu lililomwagiwa maji hadi shingoni. Ukitupa wavu hapo, wavu unaingia, haurudi.

Anko wangu, kaka ya mama, alichukua nyavu tatu kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa samaki. Mwezi haujaisha, mathenge ilikuwa imekula mbili. Deni lenyewe halikuliwa. Unalipa na samaki, na samaki unawatoa wapi bila wavu? Siku nilipomkuta amekaa juu ya mashua iliyogeuzwa, hasemi na mtu, ndiyo siku nilipiga ile video. Nilikuwa na hasira ya kweli. Ila sikumuuliza kitu. Nilisimama tu mbele ya simu nikasema kwa niaba yake.

Sasa sikia kilichonibadilisha, na si semina. Usiku nikiwa na bando kidogo imebaki, nikaangukia video za Wamarekani wanaovua samaki anaitwa bass. Jamaa amesimama kando ya bwawa ambalo magugu yamelifunika hadi huoni maji. Nikajua ataanza kwa kulisafisha. Wapi! Alitoa chura wa plastiki ambaye ndoano zake mbili zimeangalia juu, zimelala kwa mgongo, hazigusi kitu. Akamtupa juu ya magugu akawa anamvuta polepole, chura anaruka juu ya majani hakwami. Mara magugu yakalipuka. Samaki alimuuma, chura akabonyea, ndoano zikatokea, kwisha.

Nilirudia hiyo kitu mara nne hivi. Maana huyo jamaa hakuona magugu kama shida. Aliona kama anwani. Samaki yuko hapo kwa sababu ya magugu: kuna kivuli, kuna vidagaa vya kula, kuna mahali pa kujificha akimvizia anayepita. Bass hata si mgeni kabisa Kenya, alipandwa Ziwa Naivasha tangu miaka ya 1920 na wazungu waliotaka kucheza naye. Na ukiangalia tabia yake, mdomo mkubwa, kulala kimya kivulini halafu kurusha kichwa, huyo ni mbuta wetu amevaa nguo ingine. Si ndugu wa damu, lakini kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba mbuta anaweza kukuzidi uzito.

Jumamosi nikaenda na Anko majini. Nikamuuliza swali ambalo ningeuliza kabla ya kupost: Anko, samaki wako wapi?

Akanitazama kama mtu ameulizwa jua linatokea upande gani. Wako kwa miti, akasema. Unafikiri nyavu zangu zilifika huko kufanya nini? Kutembea?

Manze, nilinyamaza. Kumbe hakupoteza nyavu kwa bahati mbaya. Alizitupa karibu na mathenge akijua hatari, kwa sababu huko ndiko chakula kiko. Tukasogea kwa kasia hadi ukingo wa miti na nikaona kwa macho: vitilapia vidogo kama punje za ndengu, wingu zima, vikiingia na kutoka kati ya mashina. Na pale chini, umejifunga kwa matawi, wavu wa mtu. Tuliuvuta tukakata tukavuta. Ulikuwa na tilapia waliooza, mifupa, na mnandi mmoja amekufa mabawa wazi. Huo wavu hauna mwenyewe tena lakini bado unaenda kazi kila siku. Unaua samaki, samaki anavuta samaki mwingine, huyo naye anauawa. Hakuna anayekula.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mti wa mathenge ukiwa umekufa ndani ya maji haujui kuua samaki. Wavu unajua.

Wazee wa Kalokol wana historia ya hii ghuba ambayo sisi tunaichukulia kama hadithi ya kulala. Mwaka wa 1976 ziwa lilitoa takriban tani 17,000 za samaki, karibu wote tilapia wa hapa ghubani. Watu wakaona utajiri hauna mwisho. Wanorwe wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafanya kazi siku chache kikazimwa, maana kupoza samaki kwenye joto letu kulikula pesa kuliko samaki wenyewe. Kabla ile miaka ya 1980 kuisha, maji yakarudi nyuma, ghuba ikakauka. Kavu, watu wanatembea. Baadaye maji yakarudi tena.

Ndiyo tabia ya hili ziwa. Halina mto wa kutoka, karibu maji yote yanaletwa na Omo kutoka Ethiopia, kwa hivyo linapumua: linajaa, linapungua. Na tilapia anafuata hiyo pumzi. Maji yakifunika nyasi na vichaka, anapata mahali pa kulea. Yakirudi, nyumba yake inaanikwa juani. Sasa fikiria: hii ndiyo miaka ya maji mengi, na mimi nilikuwa nashangiliwa kwa kusema tubomoe wadi ya watoto.

Halafu kuna kitu sikuwaza kabisa nikiwa mbele ya kamera. Nani atakata? Hayo mapanga hayaendi yenyewe. Utamtoa kijana, umwambie asimame kwa maji ya kifuani, ya kijani, hayaoneki chini, akate miti ngumu yenye miiba, katika ziwa lenye mamba kama letu. Mimi siendi. Na kama siendi, nilipata wapi mdomo wa kumtuma mwingine?

Kwa hivyo nasema hivi saa hii. Mbele ya mahali pa kushukia, pale Longech na Impressa, njia za mashua zifunguliwe, sikatai, mashua zinatoboka. Hapo BMU wakae na wavuvi waweke alama njia zipite wapi. Miti iliyobaki iachwe. Ile pesa ambayo watu wanataka itolewe ya kukata miti, vijana walipwe nayo kutoa nyavu zilizokufa, kwa kilo, wakiwa ndani ya mashua. Nyavu za wazi zikae maji ya wazi. Na ukitaka samaki wa kwenye miti, nenda na ndoano. Zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo sheria ilishazikataza na bado zinauzwa kwa bei ya chini, ndizo nyingi tulizotoa. Haziozi. Wajukuu wetu watazikuta.

Najua jibu lenu, juu Anko alinipa kabla yenu. Ndoano ni polepole. Wavu unalala majini ukifanya kazi nawe umelala nyumbani. Ndoano inataka chambo, mkono na subira, na tajiri wa samaki hakubali subira kama malipo. Hilo sina jibu lake kamili. Nikimwambia mtu mwenye watoto wanne apunguze kasi, mimi nikiwa na simu na chakula cha mama, nastahili kutukanwa. Lakini wavu uliokwama una kasi gani? Anko alipiga hesabu mwenyewe kwa vidole, nyavu mbili kwa mwezi, akaguna. Mbuta mmoja mkubwa wa ndoano analipa siku. Nyavu mbili zilizopotea hazijalipa hadi leo.

Kitu kingine nitakiri: tulijaribu yule chura. Nilikata ndara yangu ya zamani, nikaichonga, nikafunga ndoano mbili zikiangalia juu. Anko alicheka hadi akaweka kasia chini. Tukamtupa juu ya nyasi kati ya mathenge, nikawa navuta polepole kama yule Mmarekani. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya kumi hakuna. Lakini hakukwama hata mara moja, mjue hilo. Karibu saa moja asubuhi, upepo ukianza, maji yakapasuka na uzi ukalegea papo hapo. Nikavuta nikapata nusu ya chura. Kukatwa safi, kama kwa wembe. Anko akaangalia alama za meno akasema huyo si mbuta, huyo ni yule mwembamba mwenye meno ya mbwa, na tukitaka kumrudia tutahitaji waya mbele ya ndoano.

Kisha akaniuliza ile ndara ingine iko wapi.